UZI: Kupanda Rwenzori (Uganda) ukitokea Tanzania, nunua siku kwanza

MwanaKagera ameandika:

Wakuu, salaam.

Watu wengi wanauliza habari za kupanda milima nje ya nchi, na majibu yanaishia kwenye bei na picha za kileleni. Naleta mlima mmoja tu, Rwenzori upande wa Uganda, kwa sababu ndio ninaoufahamu, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa uko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Anayekwenda Mlima Kenya au Simien kule Ethiopia naye atapata cha kuokota humu.

Kwanza mjue mnakwenda wapi. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mtu aliyeshafika Uhuru, mita 5,895, akisikia 5,109 anaona huu ni mdogo, na mipango inaanza kuharibika hapo hapo. Kilimanjaro umesimama peke yake, na njia zake nyingi ni kavu na zimekanyagwa na maelfu ya watu. Rwenzori ni safu nzima ya milima: unapanda, unashuka bondeni, unapanda tena, na chini ya miguu ni matope, mizizi, mawe yenye utelezi na vijito. Juu kabisa kuna barafu ya kutembea mkiwa mmefungana kamba. Urefu wa kilele haukwambii lolote kuhusu ugumu wa njia.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: nunueni siku. Ukibaki na fedha ya kuchagua kati ya koti la bei mbaya na siku moja ya ziada mlimani, chukua siku. Koti utaazima.

Njia kuu ni mbili. Ya zamani inaanzia Nyakalengija na inaendeshwa na Rwenzori Mountaineering Services. Unalala Nyabitaba kwenye mita 2,650 hivi, halafu John Matte, halafu Bujuku karibu na 3,960, kisha Elena karibu na 4,540, na kutoka pale ndipo mnapanda Margherita. Kurudi mnazunguka kwa upande wa maziwa ya Kitandara na Guy Yeoman. Ni kama siku saba. Njia ya pili inaanzia Kilembe, juu kidogo ya mji wa Kasese, na inaendeshwa na Rwenzori Trekking Services. Hii ni ndefu zaidi, kama siku nane, inapita kambi za Sine, Mutinda, Bugata na Hunwick's, na ya mwisho kabla ya kilele iko kwenye mita 4,485.

Sasa tazama hizo namba kwa jicho la mwili wako. Kanuni inayotumika kwenye milima yote mirefu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kutoka Bujuku hadi Elena tayari umeivuka kanuni hiyo. Mtu akikuuzia Margherita kwa siku tano, jiulize amekata zipi. Atakuwa amekata zile ambazo damu yako ilikuwa inazihitaji kuzoea hewa nyepesi.

Halafu weka siku mbili ambazo hazina kazi. Moja ya mlimani, kwa sababu ukungu na theluji vinaweza kuwafungia kibandani usiku uliopangwa wa kilele. Nyingine ya Kasese baada ya kushuka. Usikate tiketi ya kurudi ya siku inayofuata baada ya kushuka, maana ukiwa na basi linalokusubiri utafanya uamuzi wa barafuni ukiwa unaangalia saa.

Kama likizo yako ni fupi, usilazimishe kilele. Upande wa Kilembe kuna safari ya siku tatu au nne hadi Mutinda Lookout, mita 3,900 na kitu, na ipo ya kati hadi Weismann's Peak, mita 4,620, isiyohitaji vifaa vya barafu kama Margherita. Utaona misitu ya lobelia na senesio, miti iliyofunikwa kuvumwani ndefu kama ndevu, na matope yake utayafaidi yote. Kwangu mimi hizo safari ni kamili, na aliyepanda Weismann's kwa utulivu ameuona mlima kuliko aliyekokotwa hadi Margherita akiwa anatapika.

Msimu. Miezi ya afadhali ni Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Nasema ya afadhali, kwa sababu hakuna mwezi usio na mvua kule. Machi hadi Mei kaa mbali.

Karatasi. Viza hatudaiwi, sisi ni wa Afrika Mashariki. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wana makubaliano yao ya kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania beba pasipoti, na iwe na miezi sita mbele. Kadi ya NIDA beba pia, kwa sababu kiingilio cha hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko cha wageni wengine na utatakiwa kuthibitisha. Kadi ya homa ya manjano ni lazima, na hapa wengi wanasahau jambo moja: chanjo inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa. Ukichoma Jumatatu ukasafiri Ijumaa, kadi yako bado haijaanza kazi. Ukishachanjwa ni ya maisha, hakuna kurudia kila miaka kumi kama zamani. Na wakati wa kurudi Tanzania utaulizwa tena, kwa kuwa Uganda imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo.

Njia ya kwenda. Wengi wanapitia Kampala kwa mazoea. Ukitokea Bukoba au Mwanza huna haja. Vuka Mutukula, pita Kyotera, shuka Masaka, pale dandia basi linalotoka Kampala kwenda Mbarara, kisha Mbarara hadi Kasese kupitia Ishaka. Kipande hicho cha mwisho ni kizuri: barabara inakatiza Hifadhi ya Queen Elizabeth, inavuka Mfereji wa Kazinga pale Katunguru, halafu inavuka ikweta. Kaa dirishani. Anayetokea Mwanza anaweza kuchukua meli ya usiku hadi Bukoba akaamka ameshapumzika. Ukiwa Uganda, haisi zao wanaziita teksi, usije ukadhani utapata gari la peke yako. Fedha badilisha kidogo mpakani kwa ajili ya nauli na chakula. Bei za kampuni mara nyingi zinatajwa kwa dola, kwa hiyo uwe na noti mpya ambazo hazijachanika.

Vifaa. Hapa ndipo Rwenzori inatofautiana na mlima wowote wa kwetu. Sehemu kubwa ya njia unatembea na gambuti. Ndiyo, zile za shambani, za mpira, ndefu hadi chini ya goti. Kwenye madimbwi ya Bigo, njia ya Nyakalengija, unatembea juu ya vichuguu vya nyasi vilivyosimama kwenye tope, na baadhi ya sehemu wamejenga daraja la mbao. Ukikosea kichuguu unazama hadi gambuti inakunywa maji, na kiatu cha ngozi cha laki tatu hapo hakikusaidii. Chagua gambuti lenye nafasi ya soksi mbili, lakini kisigino kisicheze. Livae nyumbani wiki nzima kabla ya kusafiri, upande nalo ngazi, maana mpira mpya unachubua muundi.

Soksi nne au tano za sufu, na pea moja ya usiku ambayo haiguswi kwa sababu yoyote. Hiyo inakaa ndani ya mfuko wa kulalia, umeizungushia nailoni, na mchana hata ukilia huivai. Nguo za ndani za joto vivyo hivyo. Kila kitu ndani ya begi kiwe kwenye mfuko mgumu usiopitisha maji, kwa sababu kile kijikoti cha begi hakitoshi kwa mvua ya saa sita mfululizo. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Zikilowa hazikauki, na kule hakuna jua la kuanikia.

Makoti, suruali za mvua na glavu tafuteni mitumba kabla ya kufikiria dukani. Soko la Memorial pale Moshi na Karume pale Dar vina vitu vizuri vya milimani kwa anayejua kupekua. Lijaribu koti kwa kulimwagia maji hapo hapo, muuzaji hatakasirika.

Kwa Margherita utahitaji buti gumu la barafu, kramponi, ambayo ni meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu, mkanda wa kamba, kofia ngumu na shoka la barafu. Vyote vinakodishwa na kampuni. Muhimu ni kuvijaribu chini, siku moja kabla ya kuanza. Funga kramponi kwenye buti utakalovaa, tikisa mguu, piga teke ukuta. Ikicheza, badilisha. Mkiamka saa nane usiku kule Elena kwa baridi ya kugandisha, hakuna duka.

Mazoezi. Anayekaa Dar au Moro aende Uluguru, apande Lupanga wakati wa mvua. Utelezi wa Uluguru unakufundisha kuweka mguu kuliko mbio za lami. Wa Arusha ana Meru, mita 4,566, hiyo inakupa na kimo pia.

Karibuni kwa maswali.

---

Kipepeo Mweusi:

Mkuu, asante kwa uzi ulioshiba. Bajeti je? Tupe namba tujipange.

MwanaKagera:

Mkuu, bei zinabadilika kila mwaka, namba ya leo itampotosha atakayesoma mwakani. Nakupa namna ya kuuliza. Waandikie kampuni zote mbili, sema wewe ni raia wa Afrika Mashariki, halafu uliza bei hiyo imebeba nini: kiingilio cha hifadhi cha kila siku, kiongozi, wapagazi, kibanda, chakula, kukodi vifaa vya barafu, usafiri wa Kasese hadi getini, na ada ya uokoaji. Halafu uliza swali linalosahaulika: tukikwama siku moja ya ziada kwa hali ya hewa, tunalipa kiasi gani na kwa nani? Jibu la swali hilo litakuonyesha kampuni unayozungumza nayo. Uliza pia bei ya watu wanne. Kikundi kinagawana gharama ya kiongozi, kwenda peke yako ni ghali.

Bakshishi isiwe ya kufikiria siku ya mwisho. Kaeni kikundi mkubaliane kabla ya kuondoka, mkaiweke bahasha mbalimbali za kiongozi, mpishi na wapagazi. Sisi tunaotoka kwenye nchi ya wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro tunajua mtu anayebeba mzigo wako kwenye matope anastahili nini.

---

Njiru wa Meru:

Ndugu zetu wa TZ, salamu kutoka Kenya. Sisi tunapitia Busia ama Malaba hadi Kampala, halafu basi ya Kasese. ID inatosha kuvuka. Swali langu: mtu amezoea Point Lenana ya Mlima Kenya kupitia njia ya Sirimon, mita 4,985, amefika bila shida. Margherita itamtesa?

MwanaKagera:

Karibu sana ndugu. Kwa pumzi uko vizuri. Kwa miguu, kumbuka lile tope la njia ya Naro Moru, lile mnaloliita vertical bog, kisha lifikirie kwa siku kadhaa. Tofauti nyingine ni barafu: Lenana unafika kwa kutembea, Margherita unafungwa kamba, na kuna sehemu za ngazi na kamba za kudumu. Kama hujawahi kuvaa kramponi, mwombe kiongozi muda wa kufanya mazoezi siku iliyotangulia, msianze kujifunza gizani.

Na barafu yenyewe imepungua sana tangu msafara wa Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, ulipofika kilele mwaka 1906. Nyufa zinafunguka, njia ya kuingilia inahama. Maelezo ya mtu aliyepanda miaka mitano iliyopita yasikuongoze. Msikilize kiongozi aliyepita mwezi huu.

---

Omukonzo wa Kasese:

Karibuni sana wageni wetu. Mimi ni wa huku, Kiswahili changu mnivumilie. Bwana MwanaKagera amesema ukweli juu ya Machi mpaka Mei. Mto Nyamwamba unaopita Kilembe ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, watu walipoteza nyumba, hospitali ya Kilembe iliharibika. Mvua ya huko juu inashuka kwetu. Kama kiongozi anasema leo mto hatuvuki, msibishane naye juu ya pesa mlizolipa.

Jambo la pili. Wazee wetu Bakonzo wanajua mlima ni wa Kitasamba, na theluji ni Nzururu. Si pahali pa kupiga kelele na kutupa takataka. Wapagazi wengi ni vijana wa vijiji vya chini, baba zao walibeba kabla yao. Wasalimieni, waulizeni majina. Kiswahili wengi wanasikia, hata kama wanajibu kwa Lukonzo.

MwanaKagera:

Webale sana mkuu. Wana uzi, mlichukue hilo la mto.

---

Sista Tabibu:

Naomba niongeze la afya, mimi ni muuguzi.

Dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi wa mang'amung'amu na uchovu. Ukiwa nazo usipande zaidi siku hiyo. Zikizidi, shuka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema akiwa amekaa na kukohoa povu, hiyo ni dharura, anashushwa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Kipimo rahisi: mwambieni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa, mjadala umeisha.

Diamox inasaidia kuzuia, wengi hutumia miligramu 125 mara mbili kwa siku, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na uijaribu ukiwa nyumbani. Itakupeleka haja ndogo mara nyingi na vidole vitakuwa na ganzi, usishtuke. Dawa hiyo si ruhusa ya kukimbia.

La pili ni malaria. Kasese iko chini, joto, mbu wapo. Malaria unayoipata bondeni itakulipukia ukiwa kibandani siku nyingi baadaye, na wenzako watasema ni mwinuko. Homa kali na kutetemeka visichukuliwe kuwa mambo ya kimo tu. Zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga, lala kwenye chandarua Kasese, na mkiweza bebeni vipimo vya haraka na dozi ya mseto.

Mwenye mimba, sikoseli, au ugonjwa wa moyo asiende bila kuonana na daktari wake.

MwanaKagera:

Dada, Mungu akubariki. Niongeze bima. Kadi ya bima ya nyumbani usiitegemee nje ya nchi. Ukinunua bima ya safari, tafuta kipengele cha mwinuko. Nyingi zinaishia mita fulani, na nyingine zinakataa safari yoyote yenye kamba. Pata jibu kwa maandishi. Helikopta usiiweke kwenye hesabu: mawingu ya Rwenzori hayana ratiba, na mgonjwa mara nyingi anashushwa kwenye machela, mabegani mwa watu, siku nzima au zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kugeuka mapema, wakati bado unatembea kwa miguu yako.

---

Mama Tumaini:

Na sisi wanawake? Naona picha zote ni za wanaume. Vibandani mnalalaje?

MwanaKagera:

Mama, wanawake wanapanda wengi tu. Vibandani mnalala pamoja kwenye vitanda vya mbao, kwa hiyo uliza kampuni mapema kama kikundi chenu kitapata chumba chenu. Vyoo ni vya shimo, nje, na usiku njia yake inateleza, tochi ya kichwani iwe karibu na mto. Pedi bebeni za kutosha kwa sababu kimo na uchovu huvuruga mzunguko, na mfuko wa kurudishia zilizotumika hadi chini. Dada zetu waliokwishapanda wakipita hapa watasema vizuri zaidi yangu.

---

Kipepeo Mweusi:

Usalama je mkuu? Huko ni mpakani na Congo.

MwanaKagera:

Swali zito, na halipaswi kufichwa. Mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita, umekaa juu ya mpaka wenyewe, upande wa pili ni Hifadhi ya Virunga. Juni 2023 waasi walishambulia shule pale Mpondwe, wilaya hiyo hiyo ya Kasese, wakaua wanafunzi. Watu wanaendelea kupanda, lakini wewe fuatilia taarifa za Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na za ubalozi wetu Kampala, wiki ya kulipia na tena wiki ya kusafiri. Angalia pia matangazo ya afya mpakani, kwa sababu Ebola kwao na Marburg kwetu Kagera zimewahi kubadilisha taratibu za kuvuka.

Na kabla hujaondoka, mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye jina la kampuni, njia mnayopita, siku ya kushuka, na siku ambayo akiwa hajakusikia aanze kupiga simu. Hiyo siku ya pili iwe baada ya zile siku mbili za ziada, la sivyo utamtia presha bure. Mtandao ukishapita vibanda vya chini ni wa kubahatisha. Laini ya Uganda isajili kwa pasipoti ukiwa mjini, pawabenki ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, baridi inamaliza chaji.

---

Njiru wa Meru:

Tuko watu watatu tunaangalia Januari. Kuna wengine tuungane bei ishuke?

Kipepeo Mweusi:

Mimi nipo, lakini nina likizo ya siku kumi tu, pamoja na safari ya kutoka Dodoma.

MwanaKagera:

Mkuu, kwa siku kumi ukitokea Dodoma, ondoa barabara kwenda na kurudi, ondoa siku mbili za ziada, unabaki na nne au tano. Chagua Mutinda Lookout, au zungumza na kampuni ya Kilembe kuhusu Weismann's. Njiru na wenzake wakiwa wanakwenda Margherita, mnaweza kuanza njia pamoja na kuachana juu, lakini waulizeni kampuni kwanza kwa sababu utahitaji kiongozi wako wa kushuka naye. Chanjo kachome mwezi huu.